Anayetaka waandishi afungue kwanza kabati la vitabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na msomaji mwenzangu aliyeandika hapa majuzi kwamba uandishi ni kipaji cha kuzaliwa, na kwamba asiye nacho hata afundishwe vipi hatoki. Barua yake niliisoma mara mbili. Naungana naye anaposema kwamba vijana wetu wanastahili mashindano mengi zaidi ya uandishi. Lakini hilo la kuzaliwa siliafiki, kwa sababu mimi mwenyewe ni mwandishi na najua nilikotokea. Nilitokea kwenye kusoma. Sikuwa na mahali pengine pa kutokea.

Nilizaliwa mwaka 1963 kwenye kambi ya mkonge wilayani Muheza. Baba alitoka Kasulu kuja huku akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukamkatalia. Mama alikuwa akianika singa, yaani nyuzi za mkonge, uwanjani, karibu na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na jioni anarudi mikono inamwasha. Kambini kwetu walikuwepo Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde na Wasambaa, kila nyumba na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha kisimani na dukani. Vitabu havikuwepo. Baba aliweza kusoma jina lake na alama za siku kwenye kipande chake cha zamani, ile kadi ya kazi. Mama hakujua hata herufi moja.

Mwaka 1973, nikiwa darasa la tatu, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wa rika langu wanaikumbuka. Nchi nzima watu waliunda vikundi, wakakaa kusikiliza redio kwa saa iliyopangwa, kisha wakasomewa kijitabu na kujadili: malaria, kuhara, kichocho, safura, kifua kikuu. Wakishakubaliana, majembe yanatoka, choo kinachimbwa, majani yanafyekwa. Kikundi chetu kilikutana chini ya mwembe nyuma ya duka la kambi. Kiongozi wake alikuwa mzee mmoja wa Kingoni, mnyapara wa zamani, ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Siku moja redio ilipomaliza, akakigeuza kijitabu huku na huku, akaniona nimekaa na wadogo zangu, akaita: "Wewe binti wa Muha, si unasoma shule? Njoo utusomee."

Nilisoma. Nilipofika penye malaria nikawa nayakimbiza maneno kama tulivyozoea darasani, maana mwalimu alimsifu anayemaliza haraka. Mama mmoja wa Kibena akanizuia: "Mwanangu, usitukimbie. Rudia hapo pa mbu." Nikarudia taratibu. Nikaona kwamba nikituliza sauti kwenye nukta, watu wanapumua; nikisita kidogo kabla ya neno zito, nyuso zinainuka. Yule mzee akauliza, "Akishauma, halafu?" Na jibu lake ndilo lililokuwa sentensi iliyofuata. Tangu siku ile kazi hiyo ikawa yangu mpaka kampeni ilipoisha.

Sijapata mwalimu wa uandishi aliyenipa kikubwa kuliko nilichokipata pale mwembeni. Mpaka leo nikiandika sentensi naisoma kwa sauti, na ikinimaliza pumzi naikata. Na swali la "halafu?" ndilo ninalojiuliza kila nikifika mwisho wa ukurasa.

Baadaye mama akaingia ngumbaro, darasa la watu wazima. Kitabu chake cha kisomo ndicho kitabu cha kwanza kukaa nyumbani kwetu, nami nilikimaliza kabla yake, nikakirudia naye usiku, kidole chake kikifuata mstari na changu kikimsubiri mbele. Nataka vijana wanaosoma gazeti hili wajue ukubwa wa kazi iliyofanyika zama zile. Mwaka 1967 watu wazima wawili kati ya watatu nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufika mwaka 1986 asiyejua alikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Na walioiendesha kazi ile waliligundua jambo ambalo sisi wa leo tunalipuuza: mtu akishazijua herufi halafu akakosa cha kusoma, zinamtoka. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini, na kule Kanda ya Ziwa likatolewa gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya waliohitimu kisomo. Hawakuishia kuwafundisha watu kusoma. Waliwatafutia na cha kusoma.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1977. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, sikuchaguliwa. Nikaenda Tanga mjini kwa dada yangu aliyeolewa huko, nikasomea upigaji chapa, nikaajiriwa. Kazi yangu hadi nastaafu ilikuwa kupiga chapa maneno ya watu wengine: barua, mihtasari ya vikao, ripoti za mwaka. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakienda kwa mama ntilie, mimi nilikuwa nakwenda Maktaba ya Mkoa, lile jengo lililojengwa zama za Mwingereza kumkumbuka Mfalme George VI. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa 1967, nchi ikiwa bado changa na maskini. Kwa mtu kama mimi, faida ya uamuzi ule ilikuwa kwamba naweza kuingia, nikaketi, nikasoma, na hakuna anayeniuliza niliishia darasa la ngapi wala nina shilingi ngapi. Mkutubi mmoja wa makamo alinizoea. Namwamkia shikamoo, ananijibu, "Marahaba, binti. Kile chako kimerudi jana, nimekuwekea."

Ofisini nako tulisoma. Miaka ya mwanzo ya themanini karatasi ilikuwa adimu, sukari adimu, sabuni adimu, na riwaya ikipatikana inapita mikono mingi mpaka jalada linakatika. Visa vya jasusi Willy Gamba vya Elvis Musiba, na vya mpelelezi Joram Kiango vya Ben Mtobwa, vilikuwa na foleni. Ndani ya jalada tuliandika orodha ya majina. Anayemaliza anakata jina lake na kumkabidhi anayefuata. Karani wa mapokezi yumo, dereva yumo, mhasibu yumo, mfagizi yumo, bosi naye yumo. Wapo wasomi waliozibeza riwaya zile kuwa za mitaani. Mimi naziheshimu sana. Mfagizi wetu alisoma kurasa mia na zaidi bila kuahidiwa cheti, akaja kuniuliza kama kuna nyingine.

Mwenzangu anaweza kusema: sawa, lakini wangapi kati ya hao waliandika? Ni wachache, nakubali. Kusoma hakumfanyi kila mtu mwandishi. Ninachosema ni kwamba sijakutana na mwandishi wa kweli ambaye hakupitia huko kwanza, tena kwa miaka mingi, bila kujua anaelekea wapi.

Kwangu mabadiliko yalianza nilipozoea kusoma kitabu mara mbili: mara ya kwanza kujua nini kinatokea, mara ya pili kuona mwandishi amefanyaje. Kilichonifungua macho ni Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Mwandishi huyu, mtu wa Makunduchi, alikuwa bwana afya Unguja kabla ya kuingia kwenye magazeti mwaka 1948, na baadaye akahariri jarida la Mkulima. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki, ikachapishwa 1960. Wahakiki wameonyesha kwamba Bwana Msa na rafiki yake Najum wana undugu na Sherlock Holmes na Watson, mpelelezi na rafiki yake katika hadithi za Kiingereza. Fikiria maana yake. Bwana afya wa Unguja alisoma hadithi za London, akazipenda, zikakaa ndani yake. Siku ya siku akatoa mpelelezi wake mwenyewe mwenye Kiswahili cha Unguja na mizimu ya Unguja. Katika kusoma mara ya pili niliona jinsi Najum anavyoonyeshwa yale yale anayoonyeshwa Bwana Msa, nasi tunayaona pamoja naye, na bado tunabaki gizani mpaka Bwana Msa aamue kusema. Mwandishi hakutuficha kitu. Alitupa vyote, akatushughulisha na kingine. Nilikuwa na daftari la kunakili maneno ninapokuwa nasoma; nikalifunga, nikakaa kimya muda mrefu, kwa furaha ya kujua kwamba jambo hili linafanyika kwa namna inayoeleweka, na kinachoeleweka mtu anaweza kujifunza.

Kisha nikaipata Kuli, riwaya ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, inayohusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Humo nilimwona baba: mzigo, mnyapara, ujira, uchovu. Sikujua kwamba watu wa aina yake wanaweza kuandikwa na kuwekwa rafuni. Nikaipata na Shida, riwaya ya Ndyanao Balisidya, ya mwaka 1975, jina la mwanamke likiwa juu ya jalada. Hicho nilikiazima tena na tena. Lakini mwanamke anayeanika singa sikumkuta. Nilimtafuta rafu baada ya rafu, nikimuuliza na mkutubi, na siku moja akanijibu kwa upole kabisa: "Huyo hajaandikwa, binti. Labda umwandike."

Sisi wa Tanga tunapenda kumtaja Shaaban Robert, na najua mwenzangu angemleta kama ushahidi wa kipaji. Basi tumtazame. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909. Alisoma shule Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na baada ya hapo hakuna chuo kilichomwita. Alikuwa karani wa forodha mpaka 1944, akahamia idara ya wanyamapori, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, kisha ofisi ya upimaji. Karani, kama mimi. Mashairi yake wasomaji waliyapata katika Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923. Sasa, zisome tenzi zake uhesabu mizani, yaani silabi: nane kila kipande, vipande vinne kila ubeti, na kina cha mwisho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto hazaliwi na hesabu hiyo. Huipata kwa kusoma na kusikiliza tenzi za waliotangulia mpaka sikio likose raha pale mizani inapopungua. Kama kipaji kipo, na sikatai kwamba kipo, hukaa bure kama mbegu ghalani mpaka kikutane na kazi za wengine.

Niliandika hadithi yangu ya kwanza kwenye kaunta buku, usiku, watoto wakishalala. Nilitaka kumweleza mama anavyorudi kutoka uwanjani. Nikaandika: "Mama alichoka sana." Nikaitazama. Nikajiuliza wale niliowasoma wangefanyaje, nikaikata, nikaandika: "Mama alivua kanga ya kichwani, akaitandika kizingitini, akaketi hapo hapo bila kuuliza kama ugali umeiva." Neno uchovu halimo, na kila aliyekulia kambini atalisikia. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Ni miaka ya kusoma iliyonishika mkono. Jumamosi bosi aliniruhusu kutumia taipureta ya ofisi, nikaipiga chapa hadithi yangu na karatasi ya kaboni chini yake, nakala mbili. Maneno yangu mwenyewe yakatoka kwenye mashine ambayo siku zote ilitoa maneno ya wengine. Nakala moja nikaipeleka gazetini. Ilichapwa. Nyingine zikafuata, na baada ya miaka riwaya fupi ya wanawake wa mkonge, ambayo mama aliisoma mwenyewe, kwa kidole, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla hajafariki.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu leo.

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na watoto wa shule moja ya msingi. Siitaji, kwa kuwa walionialika ni watu wema na tatizo si lao peke yao. Katika ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na kabati la chuma, na ndani yake hadithi za watoto za Kiswahili, nzuri, zenye picha za rangi, zilizoletwa na wafadhili. Nyingi zilikuwa bado ndani ya nailoni zake. Kabati lilikuwa na kufuli. Nikamuuliza mwalimu kwa heshima. Akanieleza kwamba vitabu vimeingizwa kwenye leja, mkaguzi akija anavihesabu, na kikipotea au kikichanika yeye ndiye anayeulizwa. "Mama," akasema, "mimi nina watoto wengi na mshahara mmoja." Nilimwelewa. Ningekuwa yeye huenda na mimi ningeweka kufuli.

Nilipotoka nje, binti mmoja wa darasa la tano akanifuata. Alikuwa amechungulia dirishani. "Bibi, vile vitabu ni vya mtihani?" Nikamwambia hapana, ni vya hadithi. Akasema, "Basi sisi hatuvipati."

Mhariri, neno hilo limenikaa kooni. Binti yule ana umri ule ule niliokuwa nao mimi nilipokuwa nasomea watu mwembeni, au kuzidi kidogo. Ana shule, ana mwalimu, ana vitabu vya lugha yake hatua chache kutoka dawati lake, vitu ambavyo mimi sikuwa navyo. Kinachomzuia ni leja. Nawaomba wakubwa wa elimu, kuanzia halmashauri, wabadilishe namna ya kukagua vitabu vya hadithi. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kihesabiwe kuwa kimefanya kazi, na kiruhusiwe kufutwa leja bila mwalimu kuandika maelezo. Mkaguzi aulize daftari la kuazima: nani amechukua nini, amerudisha lini. Kabati lenye vitabu vipya visivyoguswa ndilo liandikiwe barua ya kujieleza.

Serikali imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu tangu 2022, na kila mwezi Aprili, mwezi aliozaliwa Mwalimu, tunasikia washindi. Naipenda tuzo hiyo kwa moyo wangu wote. Na inafaa ibebe jina lake, kwa kuwa Mwalimu alikuwa msomaji kabla ya yote: katikati ya shughuli za kuongoza nchi aliisoma kazi ya Shakespeare mpaka akaileta kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963, ambayo baadaye aliirekebisha ikaitwa Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lakini tuzo huvuna. Wanaokuja kushindana leo walisoma miaka iliyopita, kwenye maktaba zilizokuwa wazi na kwenye magazeti yaliyokuwa na kurasa za hadithi. Wa miaka ijayo wanasoma wapi sasa hivi? Mtoto asomaye vitabu vya mtihani peke yake atajua kujibu maswali. Hadithi ataitoa wapi?

Nina ombi na kwako pia, Mhariri. Magazeti yetu yalikuwa shule. Hadithi ya mfululizo ilimfanya dereva anunue gazeti la Jumamosi hata wiki ambayo hakuwa na hamu ya siasa, na ukurasa wa mashairi uliwajibizanisha malenga wa Pemba na wa Songea ambao hawakuwahi kuonana. Mimi nililipwa pesa kidogo sana kwa hadithi yangu ile ya kwanza, lakini niliiona imechapwa, na jirani zangu waliisoma. Rudisha nusu ukurasa. Nusu tu, mara moja kwa wiki: wiki moja hadithi ya mtu mzima, wiki nyingine ya mwanafunzi, ihaririwe vizuri, na makosa yasahihishwe mwandishi mwenyewe akiyaona. Nipo tayari kusaidia kuzisoma zitakazoletwa na kuzichambua, bila malipo, muda ninao. Na kama kuna mwalimu mkuu hapa Muheza, Korogwe au Pangani anayetaka kufungua kabati lake lakini anaogopa leja, aandike kupitia gazeti hili. Nitakuja siku ya kuazima, nikae na daftari, niandike majina ya watoto na vitabu walivyochukua, na kitakachopotea nitanunua kingine.

Wako katika kusoma,
Mpiga chapa mstaafu,
Muheza, Tanga